Wakati Duane ya Kasindi Ilipokuwa Mkononi Mwetu

Kuna jambo moja ambalo watu wa Butembo na Beni hubishana juu yake bila kuchoka: sokoni, ndani ya gari, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Ni habari ya miaka ile, tangu 1999 hata 2003, ambapo nchi yetu ya Beni na Lubero ilikuwa imekatika na Kinshasa. Mwenye duka atasema: « Duane ya Kasindi ilikuwa mkononi mwetu. Ushuru wetu haukupanda ndege kwenda Kinshasa. » Mwalimu wa shule atamjibu: « Vema, papa. Basi utuonyeshe ulikobaki. » Hapo wengine huingia, na sauti hupanda.

Nataka kuandika juu ya mabishano hayo kwa sababu si ya zamani tu. Vijana waliozaliwa baada ya 2003 husimuliwa miaka ile kana kwamba ilikuwa wakati wa neema. Tena wako wanaosema leo kwamba dawa ya taabu zetu ni kutoka: kutoka mikononi mwa Kinshasa, au kutoka katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022. Basi tutazame ilikuwaje tulipotoka mara ya kwanza.

Vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Mwezi uleule askari wa Uganda waliingia Beni. Chama cha RCD, kilichoanzia Goma, kiligawanyika mwaka 1999. Upande wa Profesa Ernest Wamba dia Wamba ulihama Goma, ukaenda Kisangani, kisha Bunia, ukaitwa RCD-ML. Baadaye Mbusa Nyamwisi, mtoto wa kwetu, alimwondoa Wamba katika uongozi. Mwaka 2001 Jean-Pierre Bemba alikuja kutawala Beni kwa miezi michache, naye akaondoka, Mbusa akarudi. Mambo hayo yaliisha kwa mapatano ya Sun City na Pretoria mwaka 2002, na kwa serikali ya mpito iliyoundwa Kinshasa katikati ya 2003.

Msomaji aangalie neno hili: viongozi hao hawakutangaza siku yoyote kwamba Beni na Butembo si Kongo tena. Hawakupandisha bendera nyingine, wala hawakuchapa faranga zao. Katika hilo walikuwa mbali na Moïse Tshombe, ambaye tarehe 11 Julai 1960 alitangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake, na mwaka 1961 akatoa faranga ya Katanga. Lakini kwa mambo ya biashara sisi nasi tulikuwa tumetoka. Ushuru wa Kasindi ulilipwa kwa watu wa Beni. Njia za kwenda mto Kongo zilifungwa, na soko lote likageuza uso wake upande wa mashariki.

Wanaosoma Maandiko Matakatifu wanajua kwamba jambo la namna hii ni la kale. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, makabila ya kaskazini walimwendea Roboamu, mwana wa Solomoni, wakamwomba awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika. Mfalme akaacha shauri la wazee, akafuata la vijana wenzake, akajibu kwamba atauongeza. Wakatoka. Kilio chao hakikuwa cha uongo, kwa maana Solomoni alikuwa amewatumikisha watu sana kwa ajili ya majengo yake. Lakini habari haiishii hapo. Yeroboamu, mfalme mpya, ilimpasa kujenga miji yake mwenyewe, na kuweka mahali pake pa ibada huko Beteli na Dani, ili watu wasiende tena Yerusalemu. Gharama ya ufalme mmoja ikawa gharama ya falme mbili, na walioibeba walikuwa walewale waliolia mwanzoni.

Mzigo wetu pia ulikuwako kweli, nami sitaki kuuficha. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenyeji. Yakagawiwa kwa watu ambao wengi wao hawakujua kuyatunza, na mashamba mengi ya kahawa yakarudi kuwa pori. Mkulima mdogo alilipwa kwa zaire ambazo thamani yake ilishuka mwaka kwa mwaka, ndiyo maana kahawa yake ilivuka mpaka usiku. Barabara zilioza. Watu wetu walijifunza kujitegemea mapema. Mgr Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu 1966 hata 1997, aliwahimiza waamini kutengeneza barabara kwa mikono yao na kwa michango yao. Na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Graben kilianza Butembo bila kungoja msaada wa Kinshasa. Mtu aliyeishi hivyo miaka 20 akisema kwamba Kinshasa ilikuwa inachukua bila kurudisha, hatukani mtu.

Tena kuna mfano wa Kasai, ambao nashangaa kwa nini hausimuliwi zaidi. Mwezi wa Oktoba 1993 Mobutu alitoa fedha mpya, zaire mpya moja kwa zaire za zamani milioni 3. Watu wa Kasai waliikataa. Hawakushika bunduki, hawakuunda serikali. Walikataa karatasi tu, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani zilizochakaa. Mwaka 1994 bei za vitu huko Kinshasa zilipanda zaidi ya mara 90 katika mwaka mmoja. Kasai, ambako hakuna aliyeweza kuchapa noti nyingine za zamani, bei zilitulia kuliko penginepo. Basi asiniambie mtu kwamba kutoka katika umoja ni hasara siku zote. Kama umoja wenyewe ni mashine ya kuchapa noti usiku na mchana, aliye nje yake hulala vizuri zaidi.

Lakini watu wa Kasai walikataa kitu kimoja, nacho kilikuwa kibovu kabisa. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Sasa tuje Kasindi.

Serikali ya watu wenye silaha ina shida yake: haijui kama itakuwako mwaka ujao. Askari wanataka posho leo, na hakuna benki itakayoikopesha. Basi viongozi wa RCD-ML waliwaendea wachuuzi wakubwa wa Butembo, wale wanaoleta makontena kutoka Dubai na Asia kwa njia ya Mombasa, wakawaomba fedha mbele. Mchuuzi alitoa fedha taslimu. Nao kwa upande wao waliipitisha mali yake Kasindi kwa ushuru uliopunguzwa, mpaka fedha aliyoitanguliza imalizike. Jambo hili liliandikwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na kila aliyekuwa na duka siku zile analijua.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuseme mchuuzi ametanguliza dola 10.000, na wamepatana kwamba hizo zitatosha kwa mali ambayo ushuru wake wa haki ni dola 20.000. Hapo dola 10.000 zimekwisha kupotea kabla meli haijafika bandarini. Na zile zilizolipwa zimekwisha kuliwa kabla mali haijafika Kasindi. Siku kontena linapovuka mpaka, sanduku la duane halipati kitu. Kwa hiyo mwalimu anapouliza ushuru ulibaki wapi, jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa iliuzwa kwa bei ya chini, mbele ya wakati wake, na mtu aliyeogopa kesho.

Nani basi aliijaza nafasi ile? Ni mama aliyevuka Kasindi na robota mbili za vitenge, na kijana aliyeshuka mlima na chukudu imejaa viazi. Wao hawakuwa na dola 10.000 za kuikopesha serikali, kwa hiyo walilipa palepale, na walipofika kizuizi cha mbele walilipa tena. Katika hukumu yangu hilo ndilo kosa kubwa la miaka ile, kuliko hata magari mazuri ya viongozi. Kwa haki niseme pia kwamba wachuuzi wakubwa hawakula vyote. Walijenga majumba ya ghorofa ambayo yanasimama Butembo mpaka leo, walichangia barabara, na mji ulikua wakati miji mingine ya Kongo ilikuwa inakauka. Mwenye duka yule hasemi uongo. Anasema aliyoyaona kutoka dukani kwake.

Mkulima wa Lubero aliona mengine. Kabla ya vita, maharagi, viazi, vitunguu na kabichi za milima yetu zilikuwa zikienda Kisangani na Goma, na nyingine zilipanda ndege hata Kinshasa. Vita ikafunga soko la magharibi. Upande wa kusini tulikuwa na RCD-Goma, ambao mwezi wa Juni 2003 walifika hata Lubero na bunduki zao. Upande wa mashariki njia ilikuwa wazi, lakini Uganda hainunui kabichi zetu, inalima zake. Kwa hiyo njia ya mwenye kuleta vitu kutoka nje ilibaki, na njia ya mwenye kuuza mazao ndani ya nchi ilikatwa. Sabuni na baiskeli zilikuwa tele Butembo, na mkulima aliziangalia tu, kwa sababu gunia lake halikuwa na mnunuzi. Umoja wa Kongo, pamoja na ubovu wake wote, ulikuwa soko la watu wengi wenye njaa, nasi tulilipoteza bila kuliandika katika hesabu.

Kilichotoka kwa wingi kwenda mashariki kilikuwa kahawa, mbao na dhahabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2001 juu ya mbao za upande wa Mangina zilizovuka kwenda Uganda. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, iliihukumu Uganda kwa mambo iliyoyafanya katika nchi yetu, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, ambazo milioni 60 ni kwa ajili ya mali za asili zilizoporwa. Tuliotoka mikononi mwa bwana wa mbali tulijikuta tuna bwana wa karibu, mwenye askari mpaka mlangoni.

Labda msomaji atasema: ile ilikuwa vita, kutoka kwa amani kungekuwa kwingine. Basi tumtazame jirani. Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa na umoja wa duane tangu siku za Waingereza, na tarehe 6 Juni 1967 walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walikuwa na reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja, na ndege za shirika moja. Ofisi kuu waliziweka kwa kugawana: Jumuiya yenyewe Arusha, posta Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege Nairobi. Jambo hilo latuhusu sana sisi wa Kivu, kwa maana reli ya Kampala hata Kasese, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilifikisha mabehewa ya Mombasa karibu na mlango wetu.

Walibishana kama sisi. Tanzania na Uganda zilinung'unika kwamba viwanda vyote vinajengwa Kenya, nazo zinabaki soko la sabuni na nguo za Nairobi. Kenya ilinung'unika kwamba inabeba mashirika ambayo wenzake hawalipi. Manung'uniko yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Halafu tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alichukua utawala wa Uganda, na Rais Nyerere akakataa kuketi naye mezani. Mwezi wa Februari 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Katikati ya mwaka ule Jumuiya ikafa.

Kila mmoja alikuwa na tumaini lake. Kenya ilidhani itakwenda mbio zaidi bila kuwavuta wenzake. Viwanda vyake vikapoteza soko la Tanzania, na malori yake yakapoteza njia ya kwenda Zambia, mpaka mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Tanzania ilidhani viwanda vyake vitakua kwa kuwa bidhaa za Kenya zimezuiwa. Mwanzo wa miaka ya 1980 watu wake walipanga foleni kwa sabuni na sukari. Sisemi kwamba mpaka uliofungwa ndio uliofanya yote hayo: kulikuwa na vita na Amin ya 1978 na 1979, bei ya petroli, na ukame. Lakini mpaka uliofungwa haukusaidia. Uganda nayo ilikuwa na kahawa wakati bei ya dunia ilipanda sana, baada ya baridi kali kuua mibuni ya Brazili Julai 1975. Kahawa ile, kwa sehemu kubwa, ilivuka kwa magendo kwenda Kenya, hasa mahali paitwapo Chepkube, na faida ikabaki kwa wenye malori na kwa askari wa mpakani. Mkulima wa Uganda alipata nini? Alipata shilingi za Amin.

Na mali waliyokuwa nayo pamoja? Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kuigawanya. Mapatano yalitiwa sahihi Mei 1984, miaka 7 baada ya kutengana: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka 7 ya kuhesabu mabehewa, meli za ziwani na madeni! Mabehewa yaligawanywa, lakini safari ya behewa kutoka baharini mpaka milimani haikugawanyika. Kila shirika lilitunza kipande chake, au halikukitunza. Katika miaka ya 1990 treni ya Kasese ilikoma, na tangu hapo sabuni, mabati na saruji ya Butembo huja kwa malori, kwa bei ya malori. Hapana mtu wa Butembo aliyeulizwa neno mwaka 1977, hata hivyo tumekuwa tukilipa sehemu yetu kila tunaponunua bati. Hata Uingereza, nchi tajiri, iliyotoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020 baada ya kura ya watu, iliona kwamba bahari haikuongezeka upana, ila karatasi za duane ziliongezeka, na wachuuzi wadogo ndio waliochoka kwanza kuzijaza.

Majirani wenyewe walirudiana. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Kongo ikatia sahihi yake Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Sasa wengi kwetu wanataka tutoke, na sababu yao naielewa. Mwezi wa Juni 2022 M23 walichukua Bunagana. Askari wa Jumuiya walikuja mwaka uleule, wakaondoka Desemba 2023, na vita haikuisha. Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, Januari 2025 Goma, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Mtu aliyefukuzwa kwake na silaha ambazo anaamini zimetoka kwa mwanachama mwenziwe hawezi kufurahishwa na hotuba za Arusha.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kudai haki kwa aliyetuvamia ni jambo moja. Kupanga ushuru wa Kasindi ni jambo lingine. Tukitoka katika Jumuiya kesho, kontena la Butembo litashuka Mombasa vilevile, litapita Kampala vilevile, ila hatutakuwa na mtu wa kutusemea siku wanapopanga gharama za njia. Tukibaki, nako kuna gharama, na wakubwa wetu hawaisemi wazi: bidhaa za viwanda vya Kenya na Uganda zitaingia bila ushuru, sanduku la Kasindi litapungua, na sisi viwanda vyetu ni vichache mno. Mimi nasema tubaki, kwa sababu nimeona hesabu ya waliotoka. Anayesema tutoke na aoneshe hesabu yake, si hasira yake.

Na juu ya Kinshasa, dai letu lina maandishi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, yasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale inapokusanywa. Maana yake, fedha ya jimbo ibaki kabla haijapanda ndege. Kifungu hicho hakijatimizwa kama kilivyoandikwa. Kuna watu waliokata tamaa nacho, wakisema ni rahisi kuishika duane tena kuliko kuishika Kinshasa na ahadi yake. Lakini waliposhika duane waliiuza kwa bei ya chini. Na asilimia 40 ya ushuru kamili, uliolipwa na kontena na robota vilevile, ni nyingi kuliko yote ya ushuru uliokwisha kuliwa.

Wakati huo kakao ya Beni, ambayo imechukua nafasi ya kahawa katika mashamba mengi, huvuka kwenda Uganda bila karatasi, kama kahawa ilivyovuka siku za babu zetu. Anayeilima hukatwa bei na mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi ana vizuizi vya kulipa njiani. Ng'ambo ya mpaka magunia hufunguliwa, hupimwa upya, na kuandikwa kakao ya Uganda.